Gramafoni ikigonga ndani, usikimbilie kununua kamani mpya

Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa Magomeni kaniletea gramafoni ya mkoba, HMV 102 nyeusi, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kaiweka mezani kabla hata sijamwamkia, akasema fundi, kamani imekatika hii, nitafutie nyingine. Kamani ni ile springi ya utepe inayoendesha mashine. Nikamwambia shikamoo baba, kaa kwanza tuisikilize. Nikachomeka hendeli nikazungusha taratibu, ikakaza vizuri tu, nikaachia breki, meza ya kuwekea santuri ikazunguka, halafu kama baada ya dakika moja ikaanza du... du... na kila ikigonga meza inashtuka kidogo kama mtu aliyeguswa usingizini.

Hapo nikajua kamani ni nzima. Kamani iliyokatika haikazi, unazungusha hendeli mpaka bega liume na hupati uzito wowote, na siku inakatika huwezi kukosa kusikia, ni kishindo kama bati limepigwa nyundo. Kuna na ile ya katikati, inakaza kidogo halafu "ka!" inaachia, inakaza tena inaachia, hiyo mara nyingi ni ncha ya ndani tu imetanuka na haishiki tena kidole cha shafti, unaikunja kidogo irudi kubana na kazi imeisha. Watu wanatupa kamani nzima kwa kosa la sentimita mbili!

Sasa kule kugonga ni nini. Ndani ya kopo la kamani kuna utepe mrefu wa chuma, mita kadhaa, umejiviringisha mzunguko juu ya mzunguko, na kiwandani walipaka grisi yenye grafiti ili chuma kiteleze juu ya chuma wakati kamani inafunguka. Grisi hiyo ikikaa miaka 80 inakauka, inakuwa kama gundi, kwa hiyo mizunguko inashikana, nguvu inajikusanya, halafu inaachia kwa mpigo mmoja. Hiyo ndo du unayoisikia. Haina uhusiano na kukatika, ni uchafu, na dawa yake ni kufungua kopo na kuosha, basi.

Kitu ambacho nawaomba sana msifanye ni kupuliza mafuta mepesi kupitia tundu la kopo. Ya mzee ilikuwa imeshapulizwa na fundi mmoja kabla yangu, na nikaelewa kwa nini ilitulia wiki mbili kisha ikarudi vilevile, mafuta mepesi yanaichanganya ile grisi inakuwa uji mweusi, uji unavuja kwenye gia, unarukia gavana, kile kidhibiti cha mwendo, na grisi iliyoshikana katikati kabisa inabaki palepale. Nilitumia karibu asubuhi nzima kufuta uji huo kabla sijagusa skrubu hata moja.

Kabla hujafungua chochote, kamani iwe tupu. Achia breki, mota izunguke yenyewe mpaka isimame, halafu isukume meza kwa kidole uone kama kuna nguvu imebaki, maana ikiwa imenata inaweza kusimama na bado imekaza. Ukitoa gavana au gia yoyote wakati kamani ina nguvu, hakuna tena kinachoizuia, inafunguka yote kwa sekunde moja na inapita na meno ya gia. Na hata ikiwa tupu kabisa, ndani ya kopo bado imebanwa, ukiinua mfuniko na kuivuta kizembe itakurukia usoni. Mimi nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, nyuzi nne, nilikuwa kijana nikaona glovu zinanichelewesha. Siku hizi navaa glovu nzito za ngozi na miwani, kopo naliingiza ndani ya ndoo, nashika ncha ya ndani kwa plaizi na kutoa mzunguko mmoja mmoja kuanzia katikati, mkono mwingine umebana ile iliyobaki. Haraka haina nafasi hapa. Na piga picha kwa simu kabla, uone kamani imeviringwa kuelekea upande gani, maana ukirudisha kinyume haitashika.

Ikishatoka iangalie ilivyolala. Kamani yenye uhai inatanuka inakuwa duara kubwa kuliko kopo mara kadhaa, iliyochoka inabaki imejikunja ileile, hiyo ndo itakayokuishia kabla upande wa sahani ya santuri haujaisha. Ya mzee ilitanuka mpaka ikajaza ndoo, nikafurahi kweli. Ioshe kwa mafuta ya taa na kitambaa, futa utepe wote mbele na nyuma, kausha kabisa. Sisi tunaokaa na upepo wa bahari tuna tatizo moja la ziada, kutu, na kutu ikichimba kishimo kwenye chuma cha kamani hapo ndipo itakapokatikia. Isugue kwa msasa laini sana, kwa urefu wa utepe, usikate upana, mkwaruzo wa kukata upana ni mwanzo wa ufa. Ikiwa imekatika karibu na ncha inaokoka, unapasha moto ncha hiyo tu mpaka iwe nyekundu, uache ipoe yenyewe ili chuma kilegee, toboa tundu jipya, ila moto usipande juu, popote ulipopita kamani haina nguvu tena.

Kurudisha, unaanza na ncha ya nje, inase kwenye kishikio cha ukuta wa kopo, halafu unaingiza mzunguko baada ya mzunguko kuelekea katikati, huku unapaka grisi mpya ya grafiti. Usijaze kopo, inayozidi itavuja tu.

Watu wengi wanaishia hapo, na gavana wanaisahau, wakati ndiyo akili ya mashine. Fikirieni, kamani ikijaa ina nguvu nyingi, ikikaribia kwisha ina kidogo, lakini sauti inatakiwa isibadilike. Zile gramafoni za kwanza kabisa za Berliner, aliyevumbua gramafoni, zilizungushwa kwa mkono, na mkono hauwezi kwenda sawa, mpaka mwaka 1896 Eldridge Johnson, fundi wa Camden kule Marekani, akampatia mota ya kamani yenye gavana. Gavana yenyewe ni vijiuzito vitatu juu ya vijispringi vyembamba, mota ikienda mbio vinatanuka, vinavuta kisahani kidogo kikagusa kipande cha ngozi, mwendo unashuka. Vijispringi hivyo vikiwa na ufa au kimoja kimepinda, sauti inayumba. Badilisha vyote vitatu vya unene mmoja, na ile ngozi iwekee tone moja la oili, ikiwa kavu italia.

Kasi naipima kwa karatasi ya duara yenye mistari 77, naiweka juu ya meza chini ya tyubulaiti ya zamani yenye choki, kwa umeme wetu wa hezi 50 mistari ikionekana imesimama ujue uko kwenye mizunguko 78 kwa dakika. Taa nyingi za LED hazifai, haziwakiwaki. Huna taa ya hivyo, weka kikaratasi ukingoni uhesabu dakika nzima. Hili nalishikilia sana kwa sababu ya sahani zenyewe, mtu ana santuri ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, halafu anaisikiliza kwenye mota iliyolegea, sauti imeshuka, anadhani ndivyo alivyoimba. Sivyo!

Ya mzee imekaa kwenye 78 sahani nzima ya inchi 10 bila kugonga hata mara moja, na alivyosikia alinyamaza kimya mpaka sindano ilipofika mwisho. Kamani nimemwachia ileile. Ila ina doa la kutu ambalo msasa haukulimaliza, nimelipiga picha nikamwonyesha, nikamwambia baba, hendeli ikianza kuwa nzito acha hapohapo, usilazimishe mpaka mwisho, na ukimaliza kusikiliza iache izunguke mpaka iishe nguvu ndo ufunge mkoba.