Voisimeili ni sanduku, si sauti

Siku hizi kila sauti iliyorekodiwa ikipita kwenye simu inaitwa voisimeili. Mtu anakutumia voisi ya WhatsApp, anakwambia "nimekutumia voisimeili, isikilize." Akipiga simu akakutana na yule dada wa "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa", anasema amepokewa na voisimeili. Akipiga benki akaambiwa kwa Kiswahili abonyeze moja, hiyo nayo kwake ni voisimeili. Na mimi ambaye kazi yangu ni kufunga mitambo ya simu maofisini ndiye ninayeitwa kutengeneza "voisimeili mbovu", nikifika nakuta haina ubaya wowote.

Maana yake ni fupi. Voisimeili ni sanduku la ujumbe lililomo ndani ya mtambo wa simu na kufungwa kwenye namba fulani. Usipopokea, au ukiwa unaongea na mwingine, mtambo unampokea mpigaji kwa niaba ya namba yako, unamsikilizisha salamu uliyorekodi, unatoa mlio, unarekodi anachosema na kukiweka sandukuni. Baadaye unakuja na namba yako ya siri, unasikiliza, unahifadhi, unamrushia mwenzako au unafuta. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Yule dada wa mtandao ni tangazo. Harekodi chochote, na ukiendelea kuongea baada yake unaongea peke yako. Menyu ya "bonyeza moja" ni mapokezi yaliyopewa mashine: kazi yake ni kukufikisha kwa mtu au idara, na ikishindwa inaweza kukupeleka kwenye voisimeili ya huyo mtu, ila yenyewe siyo. Voisi ya WhatsApp, iliyoanza mwaka 2013, ni faili nililorekodi kwenye simu yangu nikakutumia. Hakuna aliyekupigia, hakuna simu uliyoikosa, hakuna salamu. Wewe na mimi tuna nakala zetu, na kufuta yako hakugusi yangu.

Tofauti hiyo ya mwisho, ya mahali sauti inapokaa, ndiyo kubwa, na historia inaionyesha vizuri zaidi ya mimi. Kurekodi ujumbe wa simu ni jambo la zamani. Mwaka 1898 Valdemar Poulsen wa Denmark alitengeneza chombo kilichorekodi sauti kwa sumaku juu ya waya, akikusudia, pamoja na mengine, kimpokelee mtu ujumbe wa simu asipokuwepo. Mwaka 1900 alikipeleka kwenye maonyesho ya Paris, Kaisari Franz Joseph wa Austria akaongea ndani yake, na rekodi hiyo ipo hadi leo. Zile mashine za kaseti za kupokea ujumbe wa simu zilizokuja kukaa mezani Ulaya na Marekani zilifuata wazo hilohilo: mashine moja, laini moja, kaseti moja. Ukitaka mwenzako asikie ulichoachiwa, mwite aje mezani kwako.

Voisimeili ilikuja na jambo lingine. IBM walikuwa na majaribio yao tangu miaka ya 1970. Gordon Matthews wa Texas aliomba hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1979, akaipata 1983, na kampuni yake ya VMX ilianza kwa kumuuzia mteja mkubwa, kampuni ya 3M. Kurekodi hakukuwa kitu kipya hapo. Kipya kilikuwa kwamba kompyuta moja ilibeba masanduku ya wafanyakazi wote, kila sanduku na namba yake, na ujumbe ukaweza kuhama kutoka sanduku hadi sanduku. Bosi anarekodi mara moja, ujumbe unaingia kwenye masanduku ya idara nzima. Karani akipata ujumbe usiomhusu anamrushia mhasibu, na mhasibu anasikia sauti ya mteja mwenyewe badala ya alichokumbuka karani.

Vitufe ndivyo vilivyowezesha hayo. Kampuni ya Bell ya Marekani ilianza mwaka 1963 kutoa simu za kubonyeza, ambapo kila kitufe kinatoa milio miwili kwa pamoja. Saba, kwa mfano, ni hezi 852 (mitetemo 852 kwa sekunde) na hezi 1209. Mtambo ukiisikia milio hiyo miwili, unajua umeombwa nini. Mwenye simu ya kuzungusha aliweza kuachiwa ujumbe, lakini kuuamuru mtambo ufute au urudie ilikuwa shida.

Huku kwetu mambo yalikwenda vingine, na nadhani ndiyo sababu ya huu mkanganyiko. Simu ya mkononi ilitufikia pamoja na vocha. Mtambo ukipokea kwa niaba yako, simu imehesabika imepokelewa, na salio la mpigaji linaanza kukatwa wakati bado anasikiliza salamu. Nani atakubali, wakati kubipu ni bure? Unapiga, inaita, unakata. Mwenzako anaona jina lako na anajua la kufanya. Wengi tumekua bila kumwachia mtu ujumbe sandukuni hata mara moja, tukakutana na voisimeili kazini, kwenye simu ya mezani, bila maelekezo. Siwalaumu wanaochanganya. Nawalaumu kidogo wasimamizi wa ofisi wanaomkabidhi mtu simu bila hata kipande cha karatasi chenye vitufe vyake.

Kinachofanana na voisimeili kuliko chochote ni sanduku la posta. Barua haikufuati nyumbani. Inakaa posta, wewe unaifuata na ufunguo. Na S.L.P. ya kampuni inabaki ya kampuni hata aliyekuwa anachukua barua akiacha kazi. Shikilia hilo la mwisho, nitalirudia.

Kwa mifano nitatumia Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, kwa sababu mitambo mingi inayofungwa ofisi ndogo na za kati imejengwa juu yake. (Sehemu yake ya voisimeili inaitwa Comedian Mail, kuitania Meridian Mail, voisimeili ya kampuni ya Nortel. Mafundi wa simu nao wana utani wao.) Umefika asubuhi, taa nyekundu ya simu inawaka. Unanyanyua mkono wa simu, unabonyeza *97, unaingiza namba ya siri na alama ya reli (#). Sauti ya mwanamke inakwambia una jumbe mpya ngapi na za zamani ngapi. Unabonyeza 1: kwanza tarehe na saa, kisha mteja mwenyewe, honi za barabarani nyuma yake, anaeleza shida yake taratibu halafu anataja namba yake ya simu mbiombio utadhani anafukuzwa. Unabonyeza 5 kurudia. 6 inakupeleka kwenye unaofuata, 4 inakurudisha nyuma, 8 ni kumrushia mwenzako, 9 ni kuhifadhi, 7 ni kufuta. Mtambo wako ukiwa wa aina nyingine vitufe vitakuwa vingine, kwa hiyo usivikariri.

Hiyo saba inaogopwa bila sababu. Ukiibonyeza, ujumbe unawekewa alama tu. Ibonyeze tena palepale na alama inaondoka. Unafutika kweli unapokata simu. Ndiyo maana mtu akiniambia "fundi, nimefuta kwa bahati mbaya", namuuliza kama ameshakata. Akiwa ananipigia kwa simu hiyohiyo, jibu ninalo tayari.

Turudi kwenye suala la mwenye sanduku. Voisimeili ya ofisini imefungwa kwenye ekstensheni, yaani namba ya ndani ya simu ya mezani, haimfuati mtu. Aliyekaa ekstensheni 204 akiondoka, sanduku la 204 linabaki na linaendelea kupokea. Salamu ni ileile, kwa sauti na jina la mtu ambaye sasa yuko kampuni nyingine, na wateja wanaendelea kumwachia oda. Miezi inapita. Siku moja mteja mkubwa anakuja juu kwamba amepiga mara kadhaa akaahidiwa na mashine kwamba atapigiwa, na hapo ndipo ninapoambiwa nije "kumtolea yule jamaa voisimeili zake". Si zake. Dakika tano za msimamizi siku ile anaaga zingetosha: kubadili namba ya siri, kurekodi salamu mpya, kusikiliza vilivyobaki.

Sanduku lisilosikilizwa nalo hujaa. Asterisk kwa kawaida inaruhusu jumbe 100 kwa kila folda, na kiwango hicho kinaweza kupandishwa hadi 9,999. Nafasi ya kuhifadhi si hoja tena: dakika moja ya sauti ya kawaida ya simu ni baiti 480,000, kwa hiyo jumbe 100 za dakika moja hazifiki hata megabaiti 50. Mimi sipandishi. Sanduku lenye jumbe 100 ambazo hakuna aliyezisikiliza halihitaji kuongezewa nafasi, linahitaji mtu. Afadhali mpigaji aambiwe limejaa atafute njia nyingine kuliko kuendelea kuahidiwa.

Kuhusu namba ya siri nitasema kidogo tu. Wanaoacha 1234, au namba ya ekstensheni yenyewe, wakumbuke Uingereza. Waandishi na wapelelezi wa gazeti la News of the World waliingia kwenye voisimeili za watu, na moja ya njia ilikuwa namba za siri za mwanzo ambazo wenyewe hawakuzibadili. Wawili walifungwa jela mwaka 2007, na gazeti lenyewe likafungwa Julai 2011.

Kuna wanaoniambia haya yote yamepitwa na wakati, na wana hoja. Coca-Cola waliizima voisimeili kwenye makao yao makuu ya Atlanta mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata JPMorgan Chase wakaanza kuwaondolea wafanyakazi wasiohudumia wateja moja kwa moja. Lakini tazama walioachiwa: wale wanaopigiwa na wateja. Mteja hana namba yako ya WhatsApp. Ana ile iliyochapwa kwenye ankara.

Limebaki la taa, ambalo ndilo linaloniitisha ofisini kuliko mengine.

Siku hizi mitambo mingi hutuma nakala ya kila ujumbe kwenye barua pepe kama faili la sauti. Mtu anaifungua kwenye kompyuta, anasikiliza, anampigia mteja, anamaliza kazi. Taa bado inawaka. Anasema simu ni mbovu. Simu haina kosa: nakala ilikwenda kwenye barua pepe, lakini ujumbe wenyewe bado umo sandukuni na mtambo haujaona mtu akiusikiliza. Piga *97, usikilize au ufute, taa itazima. Unaweza pia kuomba mtambo uwekwe ufute kila ujumbe baada ya kuutuma kwa barua pepe, lakini fikiria mara mbili, maana siku barua pepe ikigoma utakuwa huna pa kurudi.

Na kinyume chake kipo, tena ndicho kibaya zaidi. Taa imezimika, mtu anaamini kazi imeisha. Kwenye mitambo inayopita intaneti, simu ya mezani hupata taarifa kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2004: mtambo unaitumia mstari mfupi wenye hesabu, tuseme 2/8, yaani mpya mbili na za zamani nane. Mstari huo unaweza kuongezea na za haraka kwenye mabano. Hauna mahali pa kuandika zilizoshughulikiwa. Ujumbe ukishausikiliza ukakata simu bila kuufuta, unahamia folda ya za zamani, ambayo ni namba 1, na mpya zikifika sifuri taa inazima, hata kama hujampigia mtu hata mmoja. Mpigaji aliyelia kwenye simu na aliyekosea namba, mbele ya mtambo wote ni "za zamani".

Ujumbe unaotaka uendelee kukukumbusha, ufuate kwenye folda ya za zamani, bonyeza 9, na ukiulizwa folda chagua 0, ambayo ni ya mpya. Taa itawaka tena. Wachache sana wanajua hilo.

Kwa hiyo bosi akikuuliza kuhusu voisimeili nawe taa yako imezimika, usimjibu "nimemaliza". Mwambie umezisikiliza, kisha mtajie ngapi bado hujazijibu. Ziko folda namba 1.