Notisi ya haki za mzazi: pale kimya kinapokuwa ndiyo na pale kinapokuwa hapana

Mwezi wa Agosti, shule za Marekani zinapofunguliwa, begi la mtoto hurudi nyumbani na rundo la karatasi: kalenda, fomu ya chakula cha mchana, namba ya basi, na kitabu kinene cha kanuni za shule. Ndani ya rundo hilo, mara nyingi kwa herufi ndogo, kuna kurasa zinazoitwa notisi ya mwaka. Hizo hazimwiti mzazi kikaoni wala hazimshtaki mtoto. Notisi ni tangazo ambalo sheria inailazimisha shule kumpa mzazi, na kwa ufupi linasema: una haki hizi, na usipotuambia neno hadi siku fulani, sisi tutafanya hivi.

Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachowaponyoka wengi. Kwenye posa, binti akiulizwa akanyamaza, wazee huhesabu amekubali. Shule nayo huhesabu kimya, ila si kwa namna moja kwa kila karatasi. Kuna notisi ambayo usipoijibu umekubali, na kuna ambayo usipoijibu umekataa. Anayezitia zote kwenye droo moja huwa amekwisha kujibu maswali asiyojua kwamba ameulizwa.

Kwanza tuondoe woga mmoja. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni, au kwenye kisanduku cha kutiki mtandaoni, utaombwa saini. Kwa kawaida saini hiyo inasema umepokea kitabu, basi. Isome kabla ya kutia, maana wilaya nyingine za shule hubandika ruhusa kadhaa kwenye ukurasa huohuo: picha, intaneti, safari. Saini moja ikiwa chini ya mambo matano, uliza kama unaweza kukata moja.

FERPA: mafaili ya mtoto

Sheria ya FERPA, inayolinda rekodi za mwanafunzi, ni ya mwaka 1974 na inahusu shule zote zinazopokea fedha za Wizara ya Elimu ya Marekani, yaani shule zote za umma. Kila mwaka shule lazima iwaarifu wazazi haki zao chini ya sheria hii. Hailazimishwi kumwandikia kila mzazi barua yake. Inatosha itumie njia ambayo yaelekea itawafikia, ndiyo maana tangazo hujificha ndani ya kitabu au kwenye tovuti. Lakini kanuni zake zinataka pia liwafikie kweli wazazi ambao lugha ya nyumbani si Kiingereza. Ukiomba ya Kiswahili, hujaomba fadhila.

Sehemu ya kwanza ya kuitafuta inahusu taarifa za saraka. Hizi ni taarifa ambazo shule inaweza kuzitoa kwa watu wa nje bila kukuuliza kila mara: jina, anwani, simu, barua pepe, picha, tarehe na mahali pa kuzaliwa, darasa, tuzo, shule aliyotoka, hata uzito na kimo cha mchezaji wa timu. Kila shule huchagua zipi kati ya hizo itaziita za saraka, na lazima izitaje. Hapa kimya ni ndiyo. Muda wa kukataa hupangwa na wilaya yenyewe na tarehe yake imo ndani ya notisi. Ikipita, jina na picha vinaweza kutoka. Mama aliyemkimbia mume mpigaji ana sababu nzito ya kukataa, kwa kuwa anwani ya mtoto ndiyo anwani yake. Asiye na hofu kama hiyo afikiri mara mbili, kwani shule nyingi hukubali kukataa kwa jumla tu: mtoto anakosekana kwenye kitabu cha picha cha mwaka, na jina lake halimo kwenye karatasi ya mahafali. Uliza kama kuna kukataa kwa sehemu.

Karibu na hapo, kwa wanafunzi wa sekondari, kuna mstari kuhusu jeshi. Maofisa wanaosajili vijana jeshini wakiomba majina, anwani na simu za wanafunzi, shule lazima iwape, isipokuwa mzazi amekataa kwa maandishi. Hapa pia kimya ni ndiyo. Angalia kama kuna visanduku viwili, cha saraka na cha jeshi. Kutiki kimoja si lazima kuwe kumefunga cha pili.

Upande wa pili wa sheria hiyohiyo, kimya ni hapana. Ripoti ya alama, rekodi ya nidhamu, mahudhurio, kumbukumbu za nesi wa shule: hizo hazitoki kwenda kwa mtu wa nje bila ridhaa yako ya maandishi, yenye saini na tarehe, inayotaja ni rekodi gani, kwa nini, na anapewa nani. Mfanyakazi wa shirika lililokupokea kama mkimbizi akitaka ripoti ya mtoto, anahitaji karatasi hiyo, hata kama yeye ndiye aliyemwandikisha mtoto shule. Wasiohitaji ridhaa wametajwa: watumishi wa shule wenye sababu ya kazi, shule mpya anayohamia, amri ya mahakama, dharura ya afya au usalama, na wachache wengine.

Na wewe mwenyewe una haki ya kuziona. Shule ina siku 45 tangu ipokee ombi. Barua haihitaji ufundi:

*Tarehe 3 Septemba. Kwa mkuu wa shule. Mimi ni mzazi wa (jina kamili na tarehe ya kuzaliwa), darasa la 4. Naomba kuona rekodi zake zote: alama, mahudhurio, nidhamu, afya na majaribio ya Kiingereza. Naomba mkalimani wa Kiswahili siku hiyo. Simu yangu ni hii.*

Piga picha barua hiyo kabla ya kuikabidhi, kwa sababu siku 45 huhesabiwa kuanzia tarehe ambayo unaweza kuithibitisha. Ombi la mdomo pale mapokezi halina tarehe. Haki yako ni ya kuona na kuelezwa maana ya kilichoandikwa; nakala si lazima upewe, isipokuwa hali yako, kama kuishi mbali, inakuzuia kabisa kufika. Wakikupa nakala wanaweza kutoza gharama ya karatasi, si gharama ya kulitafuta faili. Maandishi ya mwalimu ya kujikumbusha mwenyewe, asiyomwonyesha mtu, hayahesabiki kuwa rekodi.

Ukikuta kosa, omba lirekebishwe. Kwa familia za Kikongo na Kirundi makosa yanajulikana: kila mtoto ana jina lake, asilochangia na baba wala mama, kwa hiyo kompyuta ya shule inawaona ndugu wanne kama watu baki. Jingine ni tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, ambayo wakimbizi wengi walipewa walipoandikishwa. Mtoto wa Novemba akiandikwa wa Januari, anaweza kusukumwa darasa moja mbele. Shule itataka hati, hivyo nenda nayo. Ikikataa, lazima ikuambie una haki ya kusikilizwa mbele ya mtu asiye na maslahi ya moja kwa moja katika jambo hilo. Ukishindwa hapo, unaandika maelezo yako na yanakaa ndani ya faili muda wote ambao rekodi hiyo ipo. Njia hii ni ya makosa ya kumbukumbu. Mwalimu akimpa mtoto alama ya chini na wewe unaona alistahili ya juu, haitakusaidia.

Mzazi katika sheria hii ni pamoja na mlezi, na hata mtu anayekaa nafasi ya mzazi pale mzazi hayupo. Shangazi au bibi anayemlea mtoto ambaye mama yake alibaki kambini ana haki hizi. Baba asiyeishi na mtoto naye anazo, mpaka amri ya mahakama iseme vingine.

Dodoso

Sheria ya PPRA inataja mambo manane ambayo shule haiwezi kumdodosa mtoto ovyo: siasa za familia, matatizo ya akili, mambo ya kujamiiana, vitendo vya uhalifu au vya aibu, kuwasema watu wa karibu nyumbani, siri za wakili au daktari au kiongozi wa dini, imani ya dini, na kipato. Dodoso likigharimiwa na Wizara ya Elimu na mtoto akalazimishwa kulijaza, lazima ridhaa yako ya maandishi itangulie. Mengine, shule inakuarifu tarehe na kukupa nafasi ya kumtoa, ukinyamaza, anajaza. Unaruhusiwa kuomba kuliona kwanza. Fomu ya kipato kwa ajili ya chakula haimo katika katazo hili, kwa hiyo ijaze.

Kiingereza

Unapomwandikisha mtoto unaulizwa lugha ya nyumbani. Wengine huandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto atashushwa au watu wa uhamiaji wataarifiwa. Swali hilo linaamua nani apimwe Kiingereza, na kwenye wilaya nyingi huamua pia barua zako zije kwa lugha gani. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler v. Doe ya mwaka 1982, ilikwishasema shule ya umma haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kama nyumbani ni Kibembe au Kinyarwanda, andika hivyo, na Kiswahili ukitaje pale panapoulizwa lugha ya mawasiliano.

Mtoto akiwekwa kwenye programu ya Kiingereza inayogharimiwa na fedha za Title I au Title III (fedha za serikali kuu: ya kwanza ni kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, ya pili ni kwa wanaojifunza Kiingereza), notisi lazima ifike ndani ya siku 30 tangu mwaka uanze, au wiki mbili kama amewekwa katikati ya mwaka. Itaeleza kwa nini amechaguliwa, kiwango chake, anavyofundishwa, na atatokaje. Kimya ni ndiyo, lakini unaweza kumwondoa. Wazazi wengi wanaomwondoa hudhani ile hadhi ya mwanafunzi anayejifunza Kiingereza inafutika. Haifutiki: ataendelea kufanya mtihani wa Kiingereza kila mwaka mpaka afaulu, tofauti ni kwamba sasa anaufanya bila msaada. Kwa maoni yetu, kabla ya kumwondoa, omba kuona ratiba. Kama anatolewa kwenye hesabu au sayansi ili aende Kiingereza, gombania ratiba, mwache kwenye programu.

Shule zenye fedha za Title I zina notisi nyingine mbili ndogo. Moja inasema unaweza kuuliza sifa za mwalimu. Ya pili hukujia mtoto akifundishwa wiki nne mfululizo na mwalimu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo kwa darasa au somo hilo.

Elimu maalumu

Kijitabu cha haki chini ya IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ndicho kirefu kuliko vyote na ndicho kinachohitaji macho. Hutolewa mara moja kwa mwaka kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, na tena mtoto anapoombewa tathmini (kupimwa kama anahitaji elimu maalumu) kwa mara ya kwanza, unapolalamika rasmi kwa mara ya kwanza mwaka huo, adhabu inapombadilishia mahali pa kusoma, na wakati wowote ukikiomba. Kinapaswa kuwa katika lugha yako, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri haiwezekani, na kwenye kikao cha IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, shule ndiyo inayoleta mkalimani. Dada wa mtoto mwenye miaka 13 si mkalimani.

Tathmini ya kwanza: kimya ni hapana. Bila saini yako haianzi, isipokuwa shule ifungue shauri rasmi. Ukisaini, saa inaanza: siku 60, au muda uliowekwa na jimbo lako. Kuanza kupewa huduma za elimu maalumu: kimya ni hapana tena, na hapo shule haiwezi hata kukushtaki. Tathmini ya kurudia inageuka: shule ikijaribu kukupata kwa juhudi za kutosha na usijibu, inaweza kuendelea bila wewe.

Wewe ndiye unayeomba tathmini? Andika. Shule ikikubali inakuletea fomu ya ridhaa. Ikikataa lazima ikupe notisi ya maandishi yenye sababu, na hiyo ndiyo utakayoishika ukilalamika. Kwenye kikao hupitishwa karatasi ya mahudhurio na huenda ikaja fomu ya kukubali. Ya kwanza inasema ulikuwepo. Muulize mkalimani ni ipi iko mbele yako kabla kalamu haijagusa.

Notisi ya ukutani na ile ya asbesto

Familia mbili zikibanana kwenye nyumba moja ya ndugu kwa sababu mmoja amepoteza pake, sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inawahesabu watoto wa aliyepoteza kuwa hawana makazi. Mara nyingi notisi yake ni bango tu ukutani au maktaba. Mtoto huyo anaandikishwa papo hapo, hata bila cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo au mkataba wa nyumba, na anaweza kubaki shule yake ya awali na kuombewa usafiri. Kila wilaya ina mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo. Mtaje kwa cheo: ofisa wa McKinney-Vento.

Barua ya asbesto, madini ya ujenzi wa zamani ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, huja kila mwaka na huwashtua watu bure. Inasema tu kwamba mpango wa kusimamia madini hayo kwenye majengo upo na unaweza kuusoma. Hakuna cha kujibu.

Muda wa kulalamika na siku ya miaka 18

Malalamiko ya FERPA hupelekwa Wizara ya Elimu ndani ya siku 180 tangu ulipojua. Ya ubaguzi, kwenye ofisi ya haki za kiraia ya wizara hiyohiyo, pia ni siku 180, kuanzia siku tendo lilipofanyika. Ya IDEA kwa jimbo ni mwaka mmoja.

Mtoto akitimiza miaka 18, haki za FERPA zinahama kutoka kwako kwenda kwake, hata kama bado analala chumba kilekile na unamlipia simu. Shule inaweza kuendelea kukuonyesha rekodi ikiwa unamtaja kama tegemezi kwenye kodi, lakini hailazimiki. Ukitaka uhakika, aandike ridhaa yeye.