Mashine pepe ikihama, swichi huambiwa na nani?

Mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva halisi, inapohamishwa kutoka seva moja hadi nyingine bila kuzimwa, kumbukumbu yake hunakiliwa huku ikiendelea na kazi, kisha husimamishwa kwa muda mfupi mno na kuamshwa upande wa pili. Huamka ikiwa na anwani ileile ya IP na anwani ileile ya MAC, ile inayotambulisha kadi yake ya mtandao. Kilichobadilika ni poti ya swichi inayopitia. Nalitaja hili mapema kwa sababu mafundi wengi, mtandao ukikatika baada ya uhamisho, hukimbilia kufuta jedwali la ARP kwenye ruta, ilhali jedwali hilo halina kosa: bado linasema kwamba IP hii ni ya MAC hii, na ndivyo ilivyo. Jedwali lililopitwa na mambo ni la swichi, lile linaloonyesha MAC hiyo iko kwenye poti ipi.

Swichi hujifunza kwa kusikia tu. Ikipokea fremu, yaani kifurushi cha data cha mtandao wa ndani, kutoka kwa MAC fulani kwenye poti ya 7, huandika kwamba MAC hiyo iko poti ya 7, na swichi nyingi huishika habari hiyo kwa sekunde 300 tangu zilipoisikia mara ya mwisho. Mashine yenye maneno mengi haipati taabu, kwani fremu yake ya kwanza baada ya kuamka hurekebisha kila kitu. Inayoteseka ni ile inayojibu tu ikiulizwa: maswali yanapelekwa poti ya zamani, yenyewe haiyasikii, kwa hiyo haijibu, na kwa kuwa haijibu swichi haipati habari ya kuizindua.

Ndiyo maana haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe kwenye seva, hubeba jukumu la kutangaza uhamisho. QEMU, mojawapo ya haipavaiza hizo, isipobadilishwa mipangilio, hutuma fremu 5 za RARP kwa wote ndani ya sekunde 1 hivi, na ESXi ya VMware nayo hutumia RARP. Itifaki hii ya mwaka 1984 karibu hakuna anayeitumia tena kwa kazi yake ya asili ya kuulizia IP kwa kutaja MAC, lakini hapa inafaa kwa sababu haipavaiza inaijua MAC ya mashine bila kuijua IP yake, na RARP haihitaji IP.

Hapo ndipo nilipowahi kunaswa. Tulikuwa na seva ya hifadhidata iliyojibu maombi kutoka mtandao mwingine kupitia ruta, na kila ilipohamishwa ilipotea kwa karibu dakika 5, kisha ikarudi bila mtu kuigusa. Mara ya kwanza tulifungua konsoli, tukapiga ping kuelekea ruta, ikarudi papo hapo, nasi tukaondoka tukidhani tumeitengeneza. Ping ile haikutengeneza chochote. Ilitoa fremu, swichi ikasikia, na ushahidi ukafutika. Tangu hapo siigusi mashine kabla ya kuitafuta MAC yake kwenye jedwali la swichi na kulinganisha poti iliyoandikwa na poti ya seva mpya. Kwenye daraja la Linux, amri ya `bridge fdb show` inatosha.

Mara ya pili niliendesha `tcpdump -e -n` sehemu mbili kwenye seva ilikokuwa inahamia: kwenye kiolesura cha tap, yaani waya pepe wa mashine yenyewe, na kwenye kadi halisi ya mtandao. Kwenye tap ilionekana mistari 5 ya aina 0x8035, ambayo ndiyo RARP. Kwenye kadi halisi haukuonekana hata mmoja. Katikati palikuwa na sheria za nftables, kichujio cha pakiti cha Linux, zilizoruhusu 0x0800, 0x0806 na 0x86dd, yaani IPv4, ARP na IPv6, na kutupa kila kisichotajwa. Aliyeziandika alikuwa mtu mwangalifu, na kwa matumizi ya kila siku hakukosea. Kichujio cha `clean-traffic` cha libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, kina ukali wa namna hiyohiyo, ila ndani yake kimewekwa kichujio kidogo kiitwacho `qemu-announce-self` kwa ajili ya fremu hizi tu. Mashine nyingine za Linux hazikuwa zimepata shida kwa kuwa zilitumia kadi pepe ya virtio, ambayo huuwezesha mfumo ulio ndani ya mashine kujitangaza wenyewe kwa ARP; hii yetu ilikuwa imebaki na kadi ya e1000 ya tangu zamani. Tuliongeza mstari mmoja wa kuruhusu 0x8035, na uhamisho uliofuata haukukata hata muunganisho mmoja.

Mtandao usiporudi kabisa, hata baada ya dakika hizo kupita, mimi huacha kufikiria jedwali na kutazama kama VLAN ya mashine, yaani sehemu yake ya mtandao iliyotengwa, imeruhusiwa kwenye poti ya seva mpya, au kama swichi ina ulinzi unaoifunga MAC kwenye poti moja.

Dalili inayodanganya zaidi ni pale miunganisho mipya inapofunguka vizuri huku ile ya zamani ikiganda. Ngome (firewall) inayofuatilia hali ya miunganisho kwenye seva ya awali ilikuwa na orodha yake. Orodha hiyo haikuhama pamoja na mashine, kwa hiyo ngome ya seva mpya inaona pakiti za TCP za katikati ya mazungumzo ambayo haikuyashuhudia yakianza, na sheria ya kutupa pakiti batili inaweza kuzitupa. Ikiwa pakiti ndogo zinapita na kubwa zinapotea, kosa liko kwenye MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa: `ping -M do -s 8972` inapaswa kupita njia nzima ya MTU 9000, na VXLAN, inayofunga fremu ndani ya pakiti nyingine, juu ya IPv4 hula baiti 50 za ziada.

Wenye mtandao wa EVPN, ambamo vifaa hutangaziana MAC iko wapi, wana mtego wao wakati wa majaribio. RFC 7432, waraka unaoieleza EVPN, inaelekeza kwamba MAC iliyohama mara 5 ndani ya sekunde 180, kwa viwango vyake vya kawaida, ichukuliwe kuwa imerudufiwa, na vifaa viache kutangaza mahali pake papya. Ukiirusha mashine huku na huku kwa pupa ili kuona kama tatizo limekwisha, utajitengenezea tatizo jingine lenye sura ileile. Kati ya uhamisho mmoja na mwingine mimi huacha dakika 1 nzima ipite.