Je, wajua kwa nini mtangazaji husema "punguza sauti ya redio yako"?

Fungulia kipindi chochote cha kupiga simu, kiwe cha siasa, cha Simba na Yanga, cha barabara ya mtaa isiyopitika au cha kubishania kitabu cha fasihi cha kidato cha nne. Chai haijapoa utaisikia: "Msikilizaji wetu, tafadhali, punguza kwanza sauti ya redio yako." Husemwa Dar es Salaam, husemwa Nairobi, na husemwa kwa upole wa mtu aliyeisema mara nyingi tangu alfajiri.

Kwa nini lakini? Miaka mingi nilikuwa na jibu langu na niligawa bure kwa kila aliyeuliza: mawimbi ya simu yanagongana na mawimbi ya redio. Jibu hilo si kweli. Ila ni kosa lenye ushahidi mzuri, na kosa la namna hiyo haliondoki kwa kukemewa tu.

Ushahidi wenyewe unaujua. Umeweka kitochi juu ya redio. Kabla hakijaita, spika inaanza: tiriti-tit, tiriti-tit, tiriti-tit. Halafu simu inaita. Nani asingeamini kwamba hivi viwili vinagombana? Na hapo kweli vinagombana. Simu iliyo kwenye mtandao wa 2G hairushi mawimbi mfululizo. Huyarusha kwa vipande vifupi, mara 217 hivi kwa sekunde, na kila kipande chaweza kufika nguvu ya wati 2. Nyaya za ndani ya redio huvidaka vipande hivyo kama antena ambayo hakuna aliyeiomba, amplifaya inavikuza, nawe unasikia simu inakuja kabla yenyewe haijaita. Kwenye 3G na 4G mlio huo ni nadra, kwa kuwa mitandao hiyo hurusha mawimbi kwa mtindo mwingine.

Basi mgongano upo. Ila sio unaomsumbua mtangazaji, na nilipaswa kuligundua hilo kwa kutazama tu kile anachokuomba. Hasemi "sogeza simu mbali na redio". Hasemi "ng'oa antena". Anasema punguza sauti. Sasa, kinobu cha sauti kina uhusiano gani na mawimbi? Hakuna. Mawimbi ya kituo yamejaa chumbani mwako redio ikiwa inanguruma, inanong'ona au imezimwa. Yanapita kwenye kabati, kwenye ukuta, kwenye mwili wako. Tena FM inakaa kati ya megahezi 88 na 108, na simu nyingi ziko kwenye 900, 1800 na kuendelea, yaani kila moja na barabara yake. Kama shida ingekuwa mawimbi, kupunguza sauti kungesaidia sawa na kufunga pazia ili kuzuia harufu ya samaki wa jirani.

Na kama bado una shaka (mimi nilikuwa nayo), chomeka hedifoni kwenye redio, iache palepale kando ya simu, kisha piga kituoni. Mawimbi ni yaleyale na umbali ni uleule, ila ule mluzi unaovuma hewani redio ikiwa juu hausikiki. Kinachosumbua ni sauti, ile ya kawaida inayosafiri hewani kutoka kwenye spika hadi kwenye maiki ya simu yako.

Inasumbua kwa njia mbili tofauti, na sentensi moja ya mtangazaji inajaribu kuzitibu zote.

Njia ya kwanza umeisikia harusini, pale mshereheshaji anapopita mbele ya spika na maiki inapiga mluzi hadi bibi harusi anaziba masikio. Maiki imesikia spika, spika ikakuza, maiki ikasikia tena. Wanafizikia huita jambo hili athari ya Larsen, kwa jina la Mdenmaki Søren Larsen. Namna rahisi ya kuielewa ni mkopo wa riba. Tuseme sauti yako ni shilingi 100. Ikizunguka kutoka kwenye simu hadi studio, mnarani, kwenye redio yako na kurudi kwenye simu, inarudi ikiwa 110. Mzunguko wa pili 121. Wa tatu 133. Deni halina mwisho ila pale mitambo inaposhindwa kukuza zaidi. Lakini kama kila mzunguko shilingi 100 inarudi ikiwa 90, basi ni 90, 81, 73, hadi linakufa lenyewe. Kinobu cha redio yako ndicho riba. Huhitaji kukizima, bali kukishusha hadi kila mzunguko urudi na pungufu, hata kwa kidogo. Ndiyo maana neno ni "punguza".

Tofauti na harusini ni mwendo. Spika ikiwa mita 3 kutoka kwenye maiki, sauti hufika kwa chini ya mia moja ya sekunde, kwa hiyo riba inakatwa zaidi ya mara 100 kila sekunde na mluzi unalipuka ghafla. Kwa njia ya redio mzunguko mmoja ni mrefu, labda sehemu ya tano ya sekunde, hivyo shilingi 100 baada ya sekunde nzima imefika 161 tu. Utasikia kwanza "halo-halo-halo" kama mtu aliye ndani ya pipa, kisha ndipo ianze kuvuma. Simu za sasa zina programu za kuchuja mwangwi na kelele, na mara nyingi huunyonga mluzi kabla haujakua.

Hazikuokoi na njia ya pili, na hii ndiyo ninayoipenda.

Tazama fundi cherehani anaposhona ukingo wa kanga. Jicho liko kwenye sindano, mkono unasukuma kitambaa, na kila anachokiona kinauongoza mkono. Sasa mpe miwani ya ajabu inayomwonyesha sindano ilipokuwa punde iliyopita, si ilipo. Atasukuma na kuona kitambaa hakijasogea. Atasukuma tena. Kisha anaona misukumo yote miwili kwa pamoja, anashtuka, anasimama. Mkono wake ni mzima, taarifa ndiyo imechelewa.

Mdomo nao una jicho lake, yaani sikio. Unapoongea unajisikia papo hapo, kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, na ubongo unatumia sauti hiyo kujua silabi imetoka, lete nyingine. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee aliandika kwamba mtu akisikilizishwa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kidogo, huanza kuburuta maneno, kurudia silabi na kukwama kama mwenye kigugumizi. Ucheleweshaji unaovuruga zaidi ni wa karibu sekunde 0.2. Si wote wanaovurugika sawa, wapo wanaopita bila kujikwaa, na sauti hiyo lazima iwe kubwa kiasi.

Sasa piga hesabu. Simu ya mkononi peke yake huchelewesha sauti kwa sekunde 0.1 hadi 0.2, wakati mwingine zaidi, halafu mitambo ya studio inaongeza yake. Kutoka mnarani hadi kwako ni kama bure, maana hata ukiwa kilomita 60 haifiki elfu moja ya sekunde. Jumla inaangukia palepale ambapo ulimi hukwama. Mwaka 2012 Wajapani wawili, Kurihara na Tsukada, walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel kwa kifaa cha kumnyamazisha mtu anayeongea sana kwa kumrudishia sauti yake ikiwa imechelewa. Wapigaji simu wetu walikuwa nacho zamani, tena dirishani: redio yao.

Kwa tatizo hili la pili "punguza" haitoshi sana. Sauti yako ikibaki inasikika vya kutosha, sikio linaifuata. Dawa ya uhakika ni kuzima, na hupotezi kitu. Studio hukutumia kwenye simu kila kinachokwenda hewani, mtangazaji, mgeni na muziki, isipokuwa kitu kimoja: sauti yako. Fundi mitambo huitoa makusudi. Redio yako ndiyo inayoirudisha kupitia dirishani.

Kwa nini basi hatuzimi? Zamani, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, uliandika kadi ya salamu, ukaitia posta, ukasubiri wiki kadhaa kusikia jina lako. Vituo binafsi vikaruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993, simu za mkononi zikafuata, na sasa jina ni sauti yenyewe. Nani atazima redio siku anayotokea humo?

Mimi sikuzima. Ilikuwa Jumamosi, kipindi cha mpira, na nilikuwa na hoja nzito kuhusu bao lililokataliwa. Nikapokewa. Nikasema, "Mimi nadhani mwa-mwa-mwamuzi ali..." nikajisikia dirishani nikisema "mwa-mwa", nikanyamaza kumsubiri huyo mtu amalize. Mtangazaji akasema msikilizaji wetu ana hisia kali leo, akachukua simu nyingine.

Wiki iliyofuata nikapiga tena, redio nimeizima kabisa. Hoja ilitoka yote, imenyooka, dakika nzima. Nikaenda sebuleni kupokea pongezi. Familia nzima imekaa kimya inanitazama. Nyumba yetu ina redio moja.