CRP ya kawaida haimaanishi viungo vyako ni vizima

Swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki na watu wenye soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi ambao huweza kushika na viungo, ni hili: "Daktari, majibu ya damu yametoka mazuri, mbona vidole vinaniuma hivi?" Wengi wao wamekwisha kuambiwa mahali pengine kwamba hawana shida ya viungo, eti kwa sababu vipimo havikuonyesha kitu. Inaniuma, kwa kuwa baadhi yao hunifikia mfupa ukiwa umeshaanza kuliwa, na mfupa ulioliwa haurudi. Kwa hiyo leo nataka nieleze vipimo hivi vinapima nini hasa, na uwezo wake unaishia wapi.

Nianze na lililo la msingi. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha baridi yabisi ya soriasisi, yaani uvimbe wa viungo unaoambatana na soriasisi. Ugonjwa huu, ambao huweza kuwapata hadi watu 30 katika kila 100 wenye soriasisi ya ngozi, hutambuliwa kwa kusikiliza maelezo ya mgonjwa, kumshika viungo, kumwangalia kucha na ngozi, na kupiga picha. Damu hujazia tu.

Kipimo kinachoagizwa zaidi ni CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini huanza kuitoa kwa wingi likipokea ujumbe wa kemikali iitwayo IL-6, ambayo hutolewa na seli za kinga sehemu ya mwili inapovimba na kupata moto. CRP hupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni siku ya pili hivi, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 au karibu na hapo. Maabara nyingi huhesabu chini ya miligramu 5 kwa lita kuwa kawaida, nyingine chini ya 10.

ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama, ni kongwe zaidi na namna yake ni rahisi. Damu iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, inaachwa saa moja bila kuguswa, kisha mtu wa maabara anasoma ni milimita ngapi za maji ya manjano zimebaki juu baada ya chembe nyekundu kuzama. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, protini kama fibrinojeni huongezeka, chembe nyekundu hushikana mafungu mafungu na kuzama upesi. Tatizo ni kwamba umri mkubwa, ujauzito na upungufu wa damu navyo huipandisha, na selimundu huishusha. Tena ESR huchukua wiki kadhaa kurudi chini hata kama mgonjwa ameshapata nafuu. Nikilazimika kuchagua kimoja, nachukua CRP.

Sasa tuje kwenye kiini. Karibu nusu ya watu wenye baridi yabisi ya soriasisi wana CRP na ESR za kawaida huku ugonjwa ukiendelea. Inawezekanaje? Katika ugonjwa huu wahusika wakuu ni kemikali nyingine za kinga, IL-23, IL-17 na TNF (zote, pamoja na IL-6, huitwa sitokini), na sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika papo hapo kwenye ngozi, kwenye kucha, na pale kano inaposhikana na mfupa, kama vile nyuma ya kisigino. Ni maeneo madogo. Kisigino kinaweza kumzuia mtu kutembea asubuhi, lakini IL-6 inayotoka pale isitoshe kulisukuma ini. Damu ikichukuliwa mkononi, inaonekana shwari.

Watu huniuliza kwa nini basi tusipime hiyo IL-17 yenyewe. Watafiti huipima, pamoja na protini nyingine kama beta-difensini 2, ambayo hupanda na kushuka pamoja na ukali wa ugonjwa wa ngozi. Lakini kiasi cha IL-17 kinachozunguka kwenye damu ni kidogo mno, na bado hatuna namba ya kumwambia daktari aanze dawa gani. Ukikuta mahali wanakuuzia kipimo cha sitokini ili wakuchagulie tiba ya soriasisi, tunza fedha zako.

Ngoja nionyeshe kwa hesabu jinsi CRP inavyopaswa kuchukuliwa. Tunatumia alama iitwayo DAPSA: idadi ya viungo vinavyouma ukivibonyeza, jumlisha viungo vilivyovimba, jumlisha maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, jumlisha jinsi mgonjwa mwenyewe anavyouona ugonjwa kwa 0 hadi 10, kisha jumlisha CRP. Tuseme mtu ana viungo 6 vinavyouma, 4 vilivyovimba, maumivu 5, hali ya jumla 5, na CRP ya miligramu 4 kwa lita. Katika DAPSA, CRP huandikwa kwa desilita, kwa hiyo 4 inakuwa 0.4. Jumla ni 20.4. Zaidi ya 14 hadi 28 ni ugonjwa wa kiwango cha kati, na mtu huyu anahitaji kutibiwa, wakati karatasi ya maabara imeandikwa "kawaida". (Kuweni waangalifu na vizio hivyo viwili, lita na desilita. Mtu huyohuyo angekuwa na CRP ya 12 kwa lita, halafu mtu akaandika 12 badala ya 1.2, jumla ingeruka kutoka 21.2 hadi 32, na angehesabiwa kuwa na ugonjwa mkali.) Kuna pia vigezo saba tunavyotumia kusema ugonjwa umetulia vya kutosha, na ndani yake hakuna hata kimoja kinachotoka kwenye damu.

Je, CRP ikipanda? Hapo naisikiliza kwa makini. Mwenye CRP ya juu mwanzoni yuko kwenye hatari zaidi ya viungo kuharibika, kwa hiyo simcheleweshei dawa. Pia uvimbe wa muda mrefu huenda sambamba na magonjwa ya moyo, ambayo wenye soriasisi huyapata kuliko wengine. Ni wakati wa kupima shinikizo la damu, sukari na mafuta. Ila kwanza najiridhisha kwamba chanzo si kitu kingine. Mafua mazito, jino lililooza au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kuipandisha. Unene nao huipandisha kidogo, kwa kuwa mafuta ya tumboni hutoa IL-6, na wenye soriasisi wengi wana uzito mkubwa.

Kuna vipimo vingine utakavyoviona kwenye karatasi yako. RF na anti-CCP ni kingamwili za baridi yabisi ya rumatoidi. Kwa wengi wenye soriasisi hazipo, na katika vigezo vya CASPAR vya mwaka 2006, vinavyotumika kuitambua baridi yabisi ya soriasisi, kukosa RF kunakuongezea alama moja upande wa ugonjwa huo. HLA-B27 ni kipimo cha urithi, hakipandi wala kushuka. Kinanisaidia zaidi mgongo unapohusika, na wapo wengi wanaoibeba bila ugonjwa wowote. Asidi ya yuriki huwa juu kwa baadhi ya wenye soriasisi, kwa hiyo kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla isitoshe kutangaza gauti. Picha kamili ya damu huonyesha upungufu wa damu wa magonjwa sugu: chuma kimefungiwa akibani, na kumeza vidonge vya chuma peke yake hakusaidii sana.

Jambo moja kwa walio kwenye tofacitinib au upadacitinib, vidonge vya kutuliza kinga vinavyotumika kutibu ugonjwa huu. Dawa hizi huziba njia ambayo IL-6 hupitishia ujumbe, kwa hiyo CRP hushuka upesi. Nafurahi ikishuka, lakini bado nahesabu viungo kimoja kimoja. Na ukipata homa ukiwa kwenye dawa hizo, CRP ya chini isikufanye ubaki nyumbani, kwa sababu inaweza kukaa chini hata kukiwa na maambukizi.

Ukija kliniki, njoo na majibu yako yote ya nyuma, si ya mwisho tu, kwa kuwa CRP iliyotoka 2 hadi 8 inaniambia kitu hata kama maabara haikuiwekea alama nyekundu. Kama ulikuwa na homa siku za kuchukuliwa damu, niambie, tutarudia baada ya wiki mbili au tatu. Niambie pia kama asubuhi viungo vinakuwa vigumu kwa zaidi ya nusu saa, kama kidole kizima kimewahi kuvimba kama soseji, kama kucha zina vishimo. Na vua viatu bila kusubiri kuambiwa. Nataka kuvibonyeza visigino.