Mawe ya kuchaji si dhaifu

Hapa Lamu bado tunaambiana mawe ya kuchaji, yaani betri, hayana nguvu, eti yameandikwa volti 1.2 na ya kutupa 1.5, kwa hivyo tochi ya kichwa itafifia ukiwa majini. Si kweli jamani. Ile 1.5 ni ya jiwe jipya tu, ukiwasha inashuka pole pole mpaka inaipita hiyo 1.2 na bado inateremka, lakini la kuchaji la NiMH (aina ya nikeli) linashikilia hapo hapo kwenye 1.2 mpaka likikaribia kuisha ndo linaanguka ghafla. Mwenye kutoka usiku kutafuta pweza maji yakipwa achukue ya kuchaji, na seti ya pili kwenye nailoni. Ya kutupa weka ya dharura, yanakaa miaka, ila usiyasahau ndani ya tochi, yakivuja ule unga mweupe unakula springi.