Prosesa Mbili, Seva Bado Nzito: Kagua Njia za Data Kabla ya Kununua

Maombi yanayofika kwenye kitengo chetu cha mifumo mara nyingi yana sura moja: mfumo umekuwa mzito, tunaomba prosesa zaidi. Ukiifungua seva yenyewe na kuipima, aghalabu unakuta prosesa zilizopo hazijaelemewa na kazi. Zinasubiri. Zinasubiri data itoke kwenye memori (RAM), au kwenye diski, au kwenye kache (hifadhi ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya prosesa ya jirani. Ukiongeza prosesa nyingine hapo, umeongeza idadi ya wanaosubiri.

Chukua kore moja, yaani sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe, inayokwenda kwa gigahezi 3. Kila nanosekunde moja ni mapigo matatu ya saa yake. Data ikiwa ndani ya kache ya ngazi ya kwanza, inapatikana kwa mapigo manne au matano tu. Ikibidi ifuatwe kwenye RAM, safari inachukua takribani nanosekunde 80 hadi 100, yaani mapigo 240 hadi 300. Muda huo wote kore inaonekana ina shughuli, na mfumo wa uendeshaji utakuonyesha asilimia kubwa ya matumizi ya prosesa, kumbe sehemu nzuri ya asilimia hiyo ni kungoja.

Zamani prosesa zote za seva zilifika kwenye memori kwa kupitia basi moja la pamoja, yaani njia moja ya data. Ilikuwa sawa na mapishi ya harusi yenye wapishi kumi na mlango mmoja wa stoo: mpishi wa kumi na moja hawezi kuharakisha chochote. AMD walivunja utaratibu huo mwaka 2003 kwa prosesa za Opteron, wakaweka kidhibiti cha memori ndani ya prosesa yenyewe. Intel wakafuata kwa kizazi cha Nehalem mwishoni mwa 2008. Tangu hapo, katika seva ya kawaida yenye soketi mbili (nafasi za kuchomekea prosesa), kila prosesa ina RAM yake ya karibu, na ikitaka data iliyo upande wa pili inavuka kiungo kinachoziunganisha. Muundo huu huitwa NUMA (Non-Uniform Memory Access), yaani memori isiyofikiwa kwa muda sawa. Kuvuka huko kunaongeza muda kwa kiasi kikubwa, mara nyingi kwa nusu au zaidi ya muda wa RAM ya karibu.

Kutokana na muundo huo, jinsi RAM inavyopangwa kwenye ubao mama ni jambo zito. Hapa ndipo fedha nyingi za taasisi zinapotea bila mtu kujua, na inaniuma kwa sababu kinga yake ni kuuliza swali moja kabla ya kulipa. Prosesa nyingi za seva za miaka ya karibuni zina chaneli nane za memori, yaani njia nane za kupitishia data. Kwa RAM ya DDR4-3200, kila chaneli inaweza kubeba hadi GB 25.6 kwa sekunde. Ukitaka GB 128 kwa prosesa moja, unaweza kununua vipande viwili vya GB 64, au vipande nane vya GB 16. Kwenye karatasi ya ununuzi vyote ni GB 128. Kwenye mashine, vipande viwili vinafungua chaneli mbili tu, GB 51.2 kwa sekunde, ilhali vipande nane vinafungua chaneli zote na kufikia GB 204.8. Prosesa ni ileile, jumla ya memori ni ileile, lakini upana wa njia umepungua mara nne. Amri ya dmidecode -t memory kwenye Linux itakuonyesha nafasi zenye RAM na zilizo tupu bila kuzima seva wala kufungua skrubu hata moja.

RAM ikishapangwa vizuri, angalia inavyotumika. Amri ya numactl --hardware huorodhesha kore za kila upande, memori iliyobaki, na jedwali la umbali: 10 ni memori ya nyumbani, na kwa upande wa pili utakuta namba kubwa zaidi, 21 kwa mfano. Linux, kwa kawaida, huiweka data karibu na kore iliyoigusa kwanza. Kwa hiyo programu ambayo uzi wake mmoja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaandaa jedwali lote la data, kisha nyuzi nyingine zinagawana kulichakata, hulilundika jedwali zima upande mmoja, na nusu ya kore zitakuwa zinavuka kiungo siku nzima. Programu inayotosha upande mmoja ni vizuri kuifunga hukohuko kwa numactl --cpunodebind=0 --membind=0. Hifadhidata kubwa ni habari tofauti. Ukiifunga upande mmoja inaweza kumaliza memori ya hapo na kuanza kumwaga data kwenye diski, huku upande wa pili una GB kadhaa zimekaa bure. Hiyo itawanye pande zote mbili kwa --interleave=all.

Kwa waandishi wa programu kuna mtego mwingine, na huu hauonekani kwa macho. Data haisafiri kati ya kache baiti mojamoja; kwenye prosesa nyingi za seva husafiri kwa mistari ya baiti 64. Ili kore mbili zisishike nakala zinazopingana za mstari mmoja, prosesa hufuata kanuni za aina ya MESI, zilizochapishwa mwaka 1984 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois: anayetaka kuandika lazima kwanza nakala za wengine zibatilishwe. Sasa tuseme una vihesabio viwili vya baiti nane, vimekaa sambamba. Kore ya soketi ya kwanza inaongeza kimoja, ya soketi ya pili inaongeza kingine. Hazigusani kimantiki hata kidogo, ila vihesabio vimo kwenye mstari mmoja, hivyo mstari unarushwa huku na huku kwa kila nyongeza, na programu ya kore mbili inaweza kwenda polepole kuliko ya kore moja. Tenga kila kihesabio kwenye baiti 64 zake na tatizo linakwisha. Zana ya perf c2c itakuonyesha mistari inayogombewa.

Kwa upande wa diski, tofauti kubwa iko kwenye foleni. Diski za SATA (kiungo cha zamani cha diski) zinazotumia AHCI, kanuni za kuwasiliana nazo, zina foleni moja yenye nafasi 32, na kore zote zinapanga hapo. NVMe, kanuni mpya zaidi za diski za kasi, iliyotolewa mwaka 2011, inaruhusu maelfu ya foleni, hivyo kila kore inaweza kupewa yake bila kumngoja mwenzake. Hata hivyo diski ya NVMe nayo imechomekwa kwenye njia za soketi moja, na kadi ya mtandao vivyo hivyo. Faili liitwalo numa_node chini ya /sys linakuambia ni soketi ipi.

Kwa wanaoandaa zabuni: msiandike “RAM GB 256” mkaishia hapo. Andikeni idadi ya vipande kwa kila prosesa, kasi yake, na sharti kwamba chaneli zote zijazwe kwa usawa. Siku ya kupokea seva, mtaalamu aendeshe dmidecode mbele ya mzabuni kabla hati ya makabidhiano haijasainiwa.